Mbogi ya Wapenzi 300 Yenye Ilizima Sparta

Kama we ni wale hubonga eti msee akipenda anakuwa mlaini, hii risto ni yako. Ugiriki ya kitambo, mji wa Thebes ulikuwa na mbogi moja ya jeshi imeiva ile mbaya. Wasee 300, wanaume watupu, jozi 150. Na kila jozi walikuwa wapenzi. Sio mabeshte wa kugotana tu. Wapenzi kabisa. Iliitwa Kikosi Kitakatifu.

Form ilianza na ngori. Mwaka wa 382 KK Wasparta waliingia Thebes wakashika Kadmea, ngome yenye iko juu ya mji, wakakaa hapo kama wenye nyumba. Miaka tatu ikiisha, vijana wachache wa Thebes wenye walikuwa wamehepea Athens walirudi kisirisiri. Pelopidas alikuwa ndani ya hiyo mbogi. Walivaa kama wawindaji ndio wasijulikane, wakaingia mjini giza ikianguka, wakamada vibaraka wa Sparta usiku huo huo. Wasparta wakatoka ngomeni.

Sasa Thebes ikajua hao jamaa watarudi tu. Hapo ndipo mdosi mmoja wa jeshi, Gorgidas, alichagua hao 300. Wanajeshi wengi wa enzi hiyo walikuwa raia wa kawaida: vita ikiisha, wanarudi shamba. Hawa mji uliwalipia dishi na mahali pa kulala, hapo hapo Kadmea. Kazi yao ilikuwa moja, mazoezi.

Lakini kwa nini wapenzi? Cheki venye hiyo vita ilikuwa. Wasee walisimama bega kwa bega, kila mtu na mkuki kwa mkono wa kulia na ngao ya duara kwa mkono wa kushoto. Hiyo ngao inafunika upande wako wa kushoto, halafu ile sehemu yake ingine inafunika msee amesimama kushoto kwako. Upande wako wa kulia je? Uko mikononi mwa jirani. Akitoka nduki, we umebaki wazi na mkuki unakuja. Sasa jirani akiwa ni mtu unampenda, utatia mbele yake kweli? Bora udedi.

Kamanda mwingine wa Thebes, Pammenes, alikuwa anamcheka mzee Nestor wa mashairi ya Homer juu alipanga jeshi kwa koo na makabila. Kulingana na yeye, ungepanga mpenzi kando ya mpenzi. Watu wa ukoo mmoja wanaweza kutorokana mambo ikichemka. Wapenzi, zii. Na hawakuchukulia hiyo maneno mchezo: wapenzi walikuwa wanaenda kwa kaburi ya Iolaus, mwandani wa Heracles, kulishana kiapo.

Mwanzo Gorgidas aliwatawanya mistari ya mbele ya jeshi lote, na nguvu yao ikapotelea kwa umati. Halafu 375 KK, huko Tegyra, Pelopidas akiwa nao na farasi wachache walikutana na Wasparta wengi kuwaliko. Walipenya katikati yao wakawafukuza. Kutoka siku hiyo hakuwatenganisha tena.

Kilele ilikuwa Leuctra, 371 KK. Jenerali wa Thebes, Epaminondas, alijaza upande wake wa kushoto mistari 50 kwenda nyuma, na Wasparta walikuwa 12. Mfalme Cleombrotus akianza kupanga watu wake upya, Pelopidas akamwangukia na wale 300 kabla amalize. Mfalme akadedi. Raia kamili wa Sparta wenye walikuwa hapo ni 700, na 400 hawakurudi nyumbani. Sparta haikuwahi pata tena ile nguvu yake ya zamani.

Mwisho ulikam 338 KK, Chaeronea. Philip wa Macedonia akiwa kijana alikuwa ameshikwa mateka Thebes miaka kadhaa, so alikuwa amesoma mbinu za hao wasee wakimwangalia tu. Siku hiyo alikam na kijana wake Alexander, miaka 18. Jeshi la Thebes na Athens likavunjika, watu wakahepa. Kikosi Kitakatifu kikabaki penye kilisimama. Plutarch, mwandishi mwenye alizaliwa hapo hapo Chaeronea, anasema Philip alipowaona wamededi, wamelala pamoja, alilia, akalaani yeyote atawafikiria mabaya.

Enyewe Plutarch aliandika zaidi ya miaka 400 baadaye, na Xenophon, mwenye aliishi enzi hiyo ya Leuctra, hakukitaja Kikosi Kitakatifu kwa jina. Ndio maana wanahistoria wengine wanaitilia shaka. Lakini Chaeronea kuna simba wa mawe, vipande vyake vilipatikana 1818. Walipochimba hapo 1879 na 1880 walipata mifupa ya watu 254, wamelazwa mistari saba. Wengi wanaamini ni wao.

Mi siwezi kudanganya eti ni mapenzi pekee ilishinda. Mji ulilipa, mazoezi ilikuwa kila siku, na makamanda walikuwa wamechanuka. Lakini pesa na mazoezi haziwezi kufanya mtu abaki kwa laini wengine wote wakitoka mbio. So msee akikushow tena eti mapenzi ni ya watiaji, mwambie aende aulize Sparta.