Je, Wajua? Mwanafunzi wa Miaka 84

Januari 2004, Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya, aliandikishwa darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Serikali ilikuwa imefuta karo za shule za msingi mwaka mmoja tu kabla, na mpiganaji huyu wa zamani wa Mau Mau alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Akavaa kaptura na soksi ndefu, sare kamili, shule moja na wajukuu zake!

Mwaka 2005 alipanda ndege hadi New York kuitetea elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimtoa kwake. Akawa anatoka kambi ya wakimbizi kwa miguu kwenda darasani. Alifariki Agosti 2009.