Mipira ya Oili ya Giaboksi na Sitara Yake ya Waya

Malori makubwa yaletayo shehena Kampala kutoka bandari ya Mombasa aghalabu yangali ya gia za mkono. Lakini pikapu na malori madogo ya gia za otomatiki, ambayo mengi yalikwisha kutumika miaka kadhaa huko Japani kabla ya kufika Uganda, yapo pia, nayo huja na mipira yake ya oili ikiwa imezeeka. Mipira hiyo, isiyotazamwa na mtu mpaka siku ya kupasuka, yastahili kuangaliwa mapema.

Gia ya otomatiki haina klachi ya kukanyagwa. Baina yake na injini pana chombo kilichojaa oili, ambamo panga moja huisukuma oili, nayo oili ikalizungusha panga la pili. Na kila mapanga hayo yanapohitilafiana mwendo, nguvu inayopotea hugeuka joto. Basi gari lililosheheni matofali likipanda Namirembe polepole, au likisogea na kusimama katika msongamano wa Barabara ya Jinja, oili hupata moto ilhali upepo wa kuipoza ni haba. Pampu huitoa kwenye giaboksi, huipeleka mbele kwenye rejeta ikapoe, kisha huirudisha, kwa kupitia mabomba ya chuma yaliyoungwa kwa vipande vya mpira na kubanwa kwa klipu. Joto lake la kawaida ni baina ya nyuzi 80 na 95 za sentigredi; likidumu juu ya nyuzi 120, oili huungua, na klachi za ndani huanza kuteleza.

Maadamu mpira hukauka kwa joto na bomba huliwa na kutu, oili huvuja kidogo kidogo, na dereva hana habari mpaka gari linapokataa kuondoka. Hapo huanza safari ya Soko la Kisekka kutafuta giaboksi nyingine, ambayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya mipira.

Ili kuepuka hasara hiyo, mipira iliyozeeka yaweza kubadilishwa kwa mpira wa kusukwa. Huu una tabaka la ndani la mpira usiodhuriwa na oili, au la tefloni, na juu yake sitara ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Wengi hudhani faida kubwa ya waya huo hapa ni kuhimili mkandamizo, kumbe mkandamizo wa njia hii ni mdogo mno ukilinganishwa na wa breki. Faida yake kubwa hapa ni kuukinga mpira na mawe na misuguano ya barabara za murram. Nao una ila zake: huficha uchakavu wa ndani, na hukereza kila unachogusana nacho mithili ya tupa, hata shurti ufungwe mbali kwa vishikizo vyenye mpira.

Lakini penye hatari zaidi ni kwenye viungo vya mpira huo. Viungo vya kipimo cha AN, kilichotokana na jeshi na wanamaji wa Marekani, huhesabiwa kwa sehemu za 16 za inchi, hata namba 6 ikawa inchi 3/8, na midomo yake huchongwa kwa pembe ya nyuzi 37. Vipo viungo vingine vya nyuzi 45, na katika baadhi ya saizi, kama namba 8, hesi zake hulingana kabisa na za AN: nati huingia, fundi huridhika, na oili huvuja.

Asiyemudu gharama ya mpira wa kusukwa aweza kukatiwa mpira wa haidroliki, ule wa matrekta na makatapila, wenye waya uliofichwa ndani ya ngozi ya mpira. Nami nauona unafaa zaidi kwa gari la kazi, kwa kuwa haukerezi kitu. Hata hivyo aulizie kwanza kiwango chake cha joto, kwani mipira ya kawaida ya aina hiyo mwisho wake ni nyuzi 100 tu. Kabla ya kufunga, vumbi la kukatia lipulizwe lote litoke ndani, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo viungo vikaguliwe tena na oili ipimwe ikiwa ya moto, kwa utaratibu wa kitabu cha gari lenyewe.