Msitu wa Bure, Mauzo Yako Kijijini

MARYSVALE, kijiji kidogo cha jimbo la Utah nchini Marekani, kiliwahi kuishi kwa machimbo ya dhahabu na urani. Machimbo yalipokwisha, wenyeji walibaki na milima na msitu wa umma wa Fishlake, ambao ni mali ya serikali kuu na haulipi kodi ya ardhi. Siku hizi bidhaa inayowaletea wateja ni njia.

Njia hiyo, iitwayo Paiute, ni mzunguko wa maili 275 hivi (kilomita 440) kwa ajili ya pikipiki za magurudumu manne. Haina mwanzo wala mwisho. Inaunganisha vijiji vilivyo kandokando ya msitu, na Marysvale ni mojawapo ya vile vinavyoruhusu mashine hizo kupita mitaani mpaka kwenye pampu ya mafuta.

Msituni hakuna kiingilio. Mgeni hupiga kambi bure nje ya kambi rasmi, ilimradi asizidishe siku zilizowekwa. Kwenye milima ya Tushar, yenye vilele vinavyopita mita 3,600, huona mbuzi wa milimani, kulungu, na wale kulungu wakubwa waitwao elk. Katika msitu huo huo upo Pando, mti mmoja wenye mashina kama 47,000 juu ya hekta 43. Sehemu yake imezungushiwa uzio, kwani kulungu na elk hula machipukizi.

Faida basi inabaki kijijini: mafuta, matairi, barafu, chakula, vyumba, na mashine za kukodisha. Ila theluji hufunga njia za juu, na msimu ni wa miezi michache tu. Aliyekopa fedha za kununulia mashine analipa riba hata miezi ambayo zimelala bandani.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye karatasi. Kwa kanuni ya mwaka 2005, kila msitu wa taifa wenye njia za magari hutoa ramani ya njia zilizoruhusiwa. Isiyokuwemo ni marufuku kwa vyombo vya moto. Ramani hutaja hata upana wa chombo, na kipimo cha kawaida ni kisichozidi inchi 50 (sentimita 127). Wakati huo huo wateja wengi wamehamia kwenye vigari vya kukaa wawili bega kwa bega, na vingi vinapita kipimo hicho. Mkodishaji aliyejaza banda vigari vipana bila kutazama ramani anaweza kukuta sehemu ya njia haimhusu.

Anayeongoza wageni msituni kwa malipo ni lazima awe na kibali, na kwa kawaida hutozwa asilimia 3 ya mapato yake. Ramani yenyewe hutolewa bure katika ofisi za msitu, nayo hupitiwa upya kila mwaka.