Beringi Iliyosimama Nayo Ina Kikomo

Beringi ya 6205 utaikuta kwenye mota ndogo za umeme, pampu za maji na mashine nyingi za karakana. Tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15. Ndani yake mna gololi 9, kila moja ya kipenyo cha milimita 7.938. Katalogi huiandikia namba mbili za mzigo: C, ambayo ni kilonyutoni 14 na ushei, na C0, kilonyutoni 7.8 hivi. Wanunuzi wengi huishia kwenye namba ya kwanza, inayohusu uchovu wa chuma baada ya mizunguko mingi. C0 inahusu beringi iliyobeba mzigo bila kuzunguka, au inayozunguka polepole mno, au inayopata vishindo. Kwa maoni yangu ndiyo namba inayopuuzwa kuliko zote katika ukurasa ule, na beringi nyingi huharibika kwa ajili yake kabla mashine haijawashwa hata mara moja.

Kwanza, C0 si mzigo wa kuvunja beringi. Kilonyutoni 7.8 ni kama uzito wa kilo 800, na ukiizidisha hapo kidogo 6205 haitapasuka. Kinachopimwa ni kovu. Gololi ikikandamizwa juu ya ringi, vyote viwili hubonyea, na mzigo ukiondolewa hurudi karibu kabisa katika umbo lake. Karibu, lakini si kabisa. Mzigo ukiwa mkubwa vya kutosha, kishimo kidogo hubaki daima. Wahandisi walikubaliana kwamba kovu lenye kina cha sehemu 1 kati ya 10,000 ya kipenyo cha gololi linavumilika katika matumizi ya kawaida. Kwa gololi yetu hiyo ni milimita 0.0008. Jicho haliwezi kukiona kina hicho, na katika mota ya kawaida sikio pia halikisikii.

Kwa kuwa kupima kovu dogo namna hiyo ni kazi ngumu, kiwango cha kimataifa cha ISO 76 hakianzii kwenye kina bali kwenye mkazo. Kinasema: C0 ni mzigo unaoleta mkazo wa megapaskali 4,200 katikati ya mguso wa gololi iliyoelemewa kuliko zote. Namba hiyo ni ya beringi za gololi za kawaida. Zile zinazojinyoosha zenyewe hupewa 4,600, na za rola 4,000. Anayejua vyuma atashtuka, maana hata chuma kigumu cha beringi, ukikivuta kwa mkazo wa namna hiyo, kitakatika mapema sana. Siri ni kwamba hapa hakivutwi. Kinabanwa mahali padogo mno, na chuma kinachokizunguka pande zote hakikipi nafasi ya kutiririka kwenda popote. Hesabu ya mguso wa namna hii tunadaiwa na Mjerumani Heinrich Hertz, aliyeitoa mwaka 1881 alipokuwa akichunguza vioo vya lenzi vinavyogusana.

Sasa tuingie ndani ya 6205. Mzigo ukishuka kutoka juu ya shafti, gololi zilizo upande wa juu hazibebi kitu. Zile za chini tu ndizo zinazofanya kazi, na ya katikati hubeba kuliko wenzake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Richard Stribeck alionyesha kwamba gololi hiyo moja hubeba takriban mara 5 ya mzigo wote ukigawanywa kwa idadi ya gololi. Basi 7.8 mara 5, gawanya kwa 9, unapata kilonyutoni 4.3. Zaidi ya nusu ya mzigo wote umekalia gololi moja, juu ya eneo la milimita mraba moja na nusu hivi.

Kanuni ya ISO inayafunga hayo yote katika mstari mmoja:

C0 = f0 × i × Z × Dw² × cos α

Z ni idadi ya gololi, Dw kipenyo cha gololi, i idadi ya safu, na α ni pembe ya mguso, ambayo kwa beringi kama hii huhesabiwa sifuri, kwa hiyo cos α ni 1. Herufi f0 husomwa kwenye jedwali. Imebeba umbo la mfereji wa gololi na uwiano wa vipimo, na kwa 6205 ni karibu 13.9. Kipenyo mara kipenyo ni 63. Mara 9 ni 567. Mara 13.9 ni nyutoni 7,881, yaani ile ile ya katalogi kwa tofauti ndogo ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Tazama pia kwamba kipenyo kimepigwa kipeo cha pili ilhali idadi haikupigwa: gololi kubwa zaidi huongeza uwezo haraka kuliko gololi nyingi zaidi.

Mzigo halisi mara nyingi hauji kutoka upande mmoja. Kuna Fr, unaoikandamiza shafti ubavuni, na Fa, unaoisukuma kwa urefu wake. Kwa beringi za mfereji wenye kina huunganishwa hivi: P0 = 0.6 Fr + 0.5 Fa. Tuseme Fr ni kilonyutoni 2 na Fa ni 3. P0 inakuwa 1.2 jumlisha 1.5, yaani 2.7. Jibu likitoka dogo kuliko Fr yenyewe, Fr ndiyo inayotumika. Kisha gawanya C0 kwa P0: 7.8 kwa 2.7 ni 2.9. Hiyo ndiyo akiba ya usalama, s0. Penye utulivu wa kawaida 1 inatosha. Penye vishindo tafuta 1.5 au zaidi. Mashine inayotakiwa iwe kimya kabisa ipewe 2 kwenda juu.

Mbona tahadhari yote hiyo, ikiwa kovu halionekani? Kwa sababu kovu hukua upesi kuliko mzigo. Mhandisi wa Uswidi Arvid Palmgren aliona kwamba kina chake hufuata kipeo cha pili cha mzigo: mzigo ukiwa mara mbili, kovu linakuwa mara nne. Hapo ndipo nyundo inapoingia. Nyundo ya kilo 1 inayotua kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde ina nishati ya juli 4.5. Ikisimamishwa ndani ya milimita 0.2, nguvu yake ya wastani ni kilonyutoni 22, karibu mara tatu ya C0 ya 6205. Fundi anayeingiza beringi kwenye shafti kwa kugonga ringi ya nje anaipitisha nguvu hiyo kwenye gololi zote, na kila gololi inaacha alama yake kwenye ringi. Mota ikiwashwa, inaanza kunguruma siku ile ile, na lawama anapewa muuza duka. Bomba linalokaa sawasawa juu ya ringi ya ndani ndilo la kugonga, au presi, au kuipasha beringi moto kwa kiasi bila kupita nyuzi 125. Moto wa gesi ulioelekezwa moja kwa moja unaweza kukilegeza chuma, na C0 ya katalogi huhesabiwa kwa chuma kigumu tu.

Kuna uharibifu mmoja unaofanana na kovu la mzigo ambao hesabu hii haiuzuii. Miaka ya 1930 magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni kutoka Detroit yalifika yakiwa na alama kwenye beringi za magurudumu, zimepangwa kwa nafasi ya gololi, ingawa mzigo ulikuwa chini kabisa ya C0. Mtikisiko mdogo wa reli ulikuwa umeisukuma grisi pembeni na kuusugua uso wa chuma kikavu. Ukiifungua beringi utazitofautisha kwa lenzi: kwenye kovu la mzigo mistari ya kiwandani bado inaonekana chini ya kishimo, kwenye msuguano imefutika na mara nyingi pana vumbi la kutu jekundu. Pampu ya akiba inayokaa wiki nyingi kando ya pampu inayotetemeka hupata ugonjwa huo huo, na dawa yake ni kuizungusha shafti kwa mkono mara kwa mara ili gololi zihame na grisi irudi mahali pake.