Gari la Kazi Bonde la Ruaha: La Daraja la Juu, au la Chini Lililoongezewa?

Magari ya njia mbovu huuzwa kwa madaraja. Chasisi huwa ileile, na mara nyingi injini pia huwa ileile. Kinachotofautiana ni vitu vilivyofungwa juu yake kabla gari halijatoka kiwandani. Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kuuzwa Novemba 1984, katika daraja la chini huja na vioo vya kuzungusha kwa mkono, rimu za chuma na tairi nyembamba za 7.50R16. Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 hupanda kutoka GX hadi VX, ZX na GR Sport, na kila ngazi huongeza viti vizuri zaidi, skrini kubwa zaidi na rimu pana zaidi. Hilux na Prado nazo zimepangwa hivyohivyo. Mtu mwenye fedha ya kununua gari moja tu hujiuliza kama azimalize zote kwenye daraja la juu, au achukue la chini na baki ampelekee fundi.

Katika wilaya ya Kilosa, jibu linategemea barabara kuliko jina la gari. Barabara Kuu ya TANZAM ni lami, ikiwemo sehemu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Lami pia inashuka kutoka Mikumi mjini hadi Ruaha, mji mdogo wa ukingoni mwa Mto Ruaha Mkuu unaotazamana na Kidatu katikati ya mashamba ya miwa. Ukiiacha lami, mambo hubadilika. Kupanda Vidunda ni mawe na makorongo. Njia ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa kupitia kijiji cha Ulaya huvuka mito na mabonde yanayojaa masika. Malolo kuna vitunguu vinavyotakiwa kufika sokoni kabla havijaoza. Tambarare ya Mkata, ndani ya hifadhi, ni udongo mweusi wa mbuga: ukikauka hupasuka, na ukilowa hung’ang’ania tairi hadi kashata zote zijae na tairi libaki kama la kipara. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009, yaliyobomoa reli na makazi ya Kilosa, yalionyesha jinsi maji ya milima ya Rubeho na Ukaguru yanavyoshuka kwa kasi.

Kodi ndiyo hesabu ya kwanza, na wanunuzi wengi huikuta wakiwa tayari bandarini. Gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya jumla hiyo, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Ikiwa daraja la juu limezidi la chini kwa shilingi milioni 10 kabla ya kodi, forodha huongeza 2,500,000, ushuru wa bidhaa 1,250,000 na VAT 2,475,000. Tofauti iliyokuwa milioni 10 imekuwa 16,225,000, na tozo nyingine bado hazijahesabiwa. Vifaa vinavyoagizwa peke yake navyo hulipiwa ushuru, lakini mnunuzi huagiza anachokihitaji tu, huku kazi ya kukifunga ikilipwa kwa bei ya gereji ya Morogoro au Dar es Salaam. Katika daraja la juu, paa la kioo na viti vya ngozi hulipiwa kodi ileile inayolipiwa kifaa cha kumtoa mtu matopeni.

Tena si kila kilichoongezwa kwenye daraja la juu ni faida shambani. Rimu ni mfano ulio wazi. Daraja linavyopanda, rimu hutoka inchi 16 au 17 kwenda 18 hata 20, na ukuta wa tairi hupungua. Ukuta mwembamba hupendeza kwenye lami, lakini kwenye mawe ya Vidunda hupasuka upesi, na haumwachii dereva nafasi ya kupunguza upepo ili tairi litanuke na kukanyaga matope kwa upana. Tairi la inchi 16 hutumiwa na pikapu nyingi za kazi, kwa hiyo si kazi kulipata hata kwenye miji midogo. La inchi 20 likipasuka Ruaha, huenda gari likasimama mpaka jingine liletwe kutoka Dar es Salaam. Springi za upepo, zinazofungwa kwenye baadhi ya magari ya daraja la juu, zina shida ya namna hiyo: hunyanyua na kushusha gari kwa kubonyeza kitufe, lakini mfuko ukitoboka au kompresa ikifa, dawa yake haipatikani kwa fundi wa barabarani.

Viko vitu, hata hivyo, ambavyo havinunuliki baadaye, na hapo daraja la juu hulipa. Mifuko ya hewa ya kumkinga abiria, breki za ABS na mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuserereka husukwa pamoja na gari tangu kiwandani. Fundi hawezi kuviongeza kwa namna ya kuaminika. Vivyo hivyo injini na giaboksi: kuzibadilisha kunawezekana, lakini fedha inayotumika ingetosha kununua gari sahihi tangu mwanzo. Kwa mtu anayepita Mikumi usiku mara kwa mara, huku nyati na tembo wakivuka TANZAM, breki nzuri na mifuko ya hewa si anasa. Asikubali kushuka hadi daraja linalomnyima vitu hivyo.

Difuloki iko katikati ya vitu vinavyoweza kuongezwa baadaye na visivyoweza, na ndiyo inayostahili kuulizwa kabla ya kitu kingine chochote. Difu ya kawaida huruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti ili gari likate kona. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likiwa hewani au kwenye utelezi, hilo ndilo linalozunguka bure huku lenzake lililokanyaga ardhi ngumu likikosa nguvu. Hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne linaweza kukwama kwa sababu gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanateleza. Difuloki huyafunga magurudumu ya ekseli yazunguke pamoja. Kwenye Hilux na Prado, ya nyuma mara nyingi huja na madaraja ya juu. Kwenye Land Cruiser 300, GR Sport inazo mbele na nyuma. Kwenye familia ya 70 inaweza kuagizwa hata na gari la daraja la chini, na huo ndio ununuzi wenye akili kuliko wote. Asiyeipata kiwandani anaweza kufungiwa ya upepo, kama zinazouzwa na ARB ya Australia, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975. Ila kazi hiyo hudai difu ifunguliwe na meno yapangwe upya kwa vipimo, na fundi asiye na vipimo huiacha ikilia hadi ife.

Anayenunua daraja la chini aanze na tairi. Hakuna kinachobadilisha gari haraka kama tairi nne zenye kashata kubwa na kuta imara, pamoja na la tano la akiba la aina hiyohiyo. Kashata zilizoachana hutema udongo kila gurudumu linapozunguka. Zilizobanana hubaki nao. Pampu ndogo ya upepo na kipimo chake ni sehemu ya ununuzi huo, kwa sababu tairi lililopunguzwa upepo ili kuvuka matope lazima lijazwe tena kabla ya kurudi lami, la sivyo huchemka na kupasuka.

Zifuate springi na shokapu, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Bampa la chuma na winchi vinaweza kuongeza kilo mia hivi mbele ya ekseli ya mbele. Tenki la ziada la lita 90 likijazwa dizeli ni kilo 75 nyingine. Keria, tairi la pili la akiba, madumu ya maji, betri ya pili: kila kimoja chepesi, lakini kwa pamoja ni sawa na abiria wawili watatu wasioshuka kamwe. Springi za kiwandani hazikupangiwa mzigo huo. Gari hulala, taa humulika juu, shokapu huvuja, na mahali pa mzigo pamekwishaliwa. Springi nzito zichaguliwe baada ya kujua uzito wa kudumu wa gari, na shokapu zilingane nazo. Mzigo mzito usikae juu ya keria, kwa kuwa gari lenye uzito juu hupinduka kirahisi kwenye barabara ya mlimani iliyoinama upande wa korongo.

Mkonga wa kuvutia hewa kutoka juu husaidia wakati wa vumbi na wakati wa maji. Peke yake haulifanyi gari kuwa boti. Mirija ya kupumulia ya difu na giaboksi inatakiwa ipandishwe pia, kwani difu iliyopata moto ikiingia maji baridi ghafla huyavuta ndani na kuharibu oili. Winchi ni ya mwisho. Anayesafiri peke yake kwenye misitu ya chini ya Udzungwa anaihitaji. Wengine watatoka kwa kamba imara, sepetu, mbao mbili na jeki ndefu, vifaa vinavyouzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake.

Kwamba gari la daraja la chini linaweza kujengwa likawa bora kuliko la juu si nadharia nchini Tanzania. Sekta ya utalii imesimama juu ya kazi hiyo. Mengi ya magari ya watalii yanayoonekana Mikumi ni Land Cruiser za familia ya 70 zilizotoka kiwandani zikiwa za kawaida kabisa, kisha zikaingia katika karakana, hasa za Arusha, zikarefushwa chasisi, zikawekwa springi nzito, viti vya dirishani na paa linalonyanyuka. Mashirika ya misaada hufanya karibu hivyohivyo: huchukua gari jepesi kwa vitu, zito kwa chuma, na kulifungia redio na vifaa vya uokoaji. Mengi ya magari hayo yametumia injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na cc 4,164 isiyo na turbo, ambayo pampu yake haitegemei kompyuta. Ni injini ya polepole mlimani, lakini fundi wa Mikumi au Ruaha anaweza kuifungua kwa spana alizonazo.

Mabadiliko yana upande wa karatasi pia. Chasisi ikirefushwa, idadi ya viti ikibadilika au injini ikiwekwa nyingine, kadi ya gari lazima irekebishwe TRA na kampuni ya bima ijulishwe. Gari ambalo kadi inasema lina viti vitano na ndani vipo tisa linaweza kumkosesha mwenyewe fidia siku ya ajali. Kazi ya kuchomelea chasisi ifanywe na karakana inayotoa hati.

Kwa hiyo uamuzi hugawanyika kwa matumizi. Mwenye shamba la vitunguu Malolo, mwalimu wa Vidunda na mwongoza watalii wa Mkata wanunue daraja la chini lenye difuloki ya kiwandani na breki za ABS, kisha fedha iliyobaki iende kwenye tairi na springi kabla ya mapambo yoyote. Anayeishi Mikumi na kufanya kazi zake Morogoro au Dar es Salaam, akiacha lami mara chache kwa mwaka, achukue daraja la juu kwa ajili ya usalama wake barabarani, abadilishe rimu kubwa kwa za inchi 17 au 18 kadiri breki zinavyoruhusu, na asifunge bampa la chuma lisiloendana na mifuko ya hewa. Na yeyote kati yao, kabla ya kulipa, alale chini ya gari na kukagua chasisi na difu, au amlipe fundi anayemwamini amfanyie hivyo.