Ndege zikigombea abiria KIA, mkulima wa Lushoto anavuna nini?

MKULIMA wa Lukozi au Mlalo akisikia redioni kwamba shirika fulani la ndege limeongeza safari za Kilimanjaro, mara nyingi habari hiyo huingia sikio moja na kutokea la pili. Yeye anawaza bei ya kabichi Kariakoo, gharama ya Fuso hadi Dar es Salaam, na kama barabara ya Mombo hadi Soni itapitika baada ya mvua ya usiku. Ndege ni mambo ya watu wa mjini na watalii.

Lakini ushindani wa mashirika ya ndege unamhusu mkulima huyu kwa njia mbili. Kwanza, abiria anayeshuka kwenye ndege ni mlaji. Atalala hotelini, na asubuhi atataka saladi, karoti, matunda na viazi. Pili, ndege kubwa ya abiria haibebi abiria peke yao. Chini ya sakafu wanayokalia kuna nafasi ya mizigo, na humo ndimo mboga mbichi za Afrika Mashariki zinamosafiri kwenda Ulaya na Uarabuni.

Swali ni je, ushindani wa aina gani unamletea mkulima faida, na upi unapita juu ya kichwa chake?

Uwanja uliosubiri wateja

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, ulifunguliwa mwaka 1971 katika tambarare ya Hai, kati ya Moshi na Arusha. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6, inayotosha ndege kubwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi watalii wengi waliokuja kupanda Mlima Kilimanjaro au kutembelea Serengeti walishukia Nairobi na kuingia nchini kwa barabara kupitia Namanga. Faida ya kwanza ya safari yao ilibaki Kenya.

Mwaka 1998 uendeshaji wa uwanja ulikabidhiwa kampuni ya KADCO, iliyokuwa na wabia wa nje, na mwaka 2009 Serikali ikainunua kampuni hiyo yote. Mwaka 2023 uwanja ukarudishwa chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Katikati ya mabadiliko hayo, jengo la abiria lilikarabatiwa na kupanuliwa, kazi iliyokamilika mwaka 2017 kwa mchango wa Uholanzi.

Mashirika ya nje nayo yaliongezeka. KLM ya Uholanzi na Ethiopian Airlines ndiyo waliokuwa wenyeji wa uwanja huo kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuingia wengine, wakiwamo Qatar Airways na Turkish Airlines. Mtalii wa Ulaya akawa na njia nyingi za kufika Kilimanjaro bila kupitia Nairobi.

Nauli ya sh 32,000

Ndani ya nchi ushindani mkali zaidi ulianza Novemba 29, 2012, siku Fastjet ilipoanza safari za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli ya chini iliyotangazwa ilikuwa sh 32,000 kabla ya kodi na tozo, kiasi kilichokaribiana na nauli ya basi. Ndege zake za aina ya Airbus A319 zilikuwa na viti 156, wakati Precision Air, iliyokuwa imezoea njia hiyo, ilitumia ndege za ATR zenye viti visivyozidi 72.

Watu ambao hawakuwahi kupanda ndege wakapanda. Mfanyabiashara wa Moshi akaweza kwenda Kariakoo asubuhi na kurudi jioni, badala ya kukaa ndani ya basi kutwa nzima.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuifufua ATCL kwa kununua ndege mbili za Bombardier Q400 zenye viti 76 kila moja, na nyingine zikafuata. Fastjet ikawa na madeni, na Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni. Haikurudi tena angani nchini.

Kwa mkulima, somo la Fastjet lina pande mbili. La kwanza ni kwamba nauli nafuu inayolipwa kwa hasara ya mwenye ndege haina maisha marefu. Mfanyabiashara aliyejenga mipango yake yote juu ya nauli hiyo alibaki akitafuta basi. La pili ni kwamba ndege za safari fupi za ndani, hata zikishindana namna gani, huchukua mzigo mdogo. Zinasaidia mchuuzi kusafiri, lakini hazisafirishi matenga yake.

Mlaji yuko mezani

Faida iliyo karibu zaidi na shamba la Lushoto haiko kwenye ndege, iko hotelini. Watalii walioingia Tanzania walizidi milioni 1.8 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakapita milioni 2. Zanzibar peke yake ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023 na zaidi ya 700,000 mwaka uliofuata.

Tupige hesabu ya mfano. Hoteli yenye wageni 80 kwa siku, kila mgeni akila gramu 300 za mboga, inahitaji kilo 24 kila siku, au kilo 168 kwa wiki. Kwa anayepakia Fuso zima la kabichi hicho ni kidogo. Lakini hoteli 20 za namna hiyo zinahitaji zaidi ya tani tatu kila wiki, na hazinunui kabichi tupu. Zinataka letusi, koliflawa, brokoli, liki, pilipili hoho, maharage machanga, na matunda kama plamu, pichi na peasi. Hayo yote yanastawi kwenye baridi ya Usambara, na pwani kwenye joto mengi yake hayastawi.

Tusijidanganye kuhusu soko la Arusha na Moshi. Wakulima wa Arumeru na wa mteremko wa Kilimanjaro wako karibu zaidi na hoteli za kaskazini, na gharama yao ya usafiri ni ndogo. Nguvu ya Lushoto iko Dar es Salaam na Zanzibar, ambako mboga za hotelini kwa sehemu kubwa hutoka mbali. Kwa hiyo mkulima wa Lushoto afuatilie habari za ndege zinazotua Unguja kama anavyofuatilia za KIA.

Jambo hili limewahi kufanyika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Lushoto walianzisha Usambara Lishe Trust, kikundi kilichojijengea jina kwa kupeleka mboga za aina nyingi kwenye hoteli na maduka makubwa ya Dar es Salaam. Hapakuwa na uchawi. Mnunuzi alitoa oda, kikundi kikagawana nani alete nini, na mzigo ukafika siku iliyokubaliwa.

Kalenda ya ndege, kalenda ya shamba

Abiria wa kitalii hawaji sawasawa mwaka mzima. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo yenye wageni wengi, kisha Desemba hadi Februari. Aprili na Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi hupunguza shughuli na baadhi hufunga kabisa.

Sasa angalia shamba. Karoti na kabichi huchukua takribani miezi mitatu, letusi wiki sita hadi nane. Anayetaka kuuza karoti Julai lazima apande Aprili, wakati mvua ni kubwa na soko la hoteli limelala. Wengi hukata tamaa hapo. Na anayepanda shamba zima kwa siku moja atavuna yote kwa wiki moja, auze kwa dalali kwa bei ya kutupa, halafu wiki inayofuata hoteli ipige simu asiwe na kitu.

Dawa yake ni kugawa shamba. Panda kipande kimoja, baada ya wiki mbili panda kingine. Hoteli humlipa vizuri anayeleta kilo 50 kila wiki kuliko anayeleta kilo 500 mara moja na kupotea.

Ndege haijui lumbesa

Njia ya pili, ya kuuza nje kwa ndege, ina faida kubwa zaidi na masharti makali zaidi. Karibu nusu ya shehena ya anga duniani husafiri chini ya sakafu ya ndege za abiria. Ndiyo maana mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 uliposimamisha ndege za abiria, wauza mboga na maua wa ukanda huu walikosa usafiri ingawa mazao yalikuwa shambani. Idadi ya abiria na nafasi ya mboga ni ndugu.

Kabichi na viazi havipandi ndege, kwa sababu nauli ya kilo moja ingezidi bei ya kilo yenyewe. Vinavyopanda ni vyepesi vyenye thamani, kama njegere changa zinazoliwa na maganda yake, maharage machanga na viungo vya majani.

Hesabu ya mizigo ya ndege nayo ina siri yake. Boksi lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 30 lina sentimita za ujazo 72,000. Mashirika hugawa kwa 6,000, na jibu ni 12. Boksi hilo litatozwa nauli ya kilo 12 hata likiwa na kilo sita za majani ya letusi. Tuseme nauli ni sh 3,000 kwa kilo. Mwenye letusi atalipa sh 36,000, sawa na sh 6,000 kwa kila kilo halisi. Mwenye njegere aliyepakia kilo 14 ndani ya boksi lile lile atalipa sh 42,000, yaani sh 3,000 tu kwa kilo. Aliyezoea kupimiwa kwa lumbesa na kuibiwa anaweza kufurahi kwamba kwenye ndege mzani ndio unaosema. Lakini mzani huo humkata hata anayepakia hewa.

Kwa nini mzigo unakwenda Nairobi?

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga za kaskazini mwa Tanzania imepelekwa kwa malori hadi Nairobi kupitia Namanga, ikapandishwa ndege huko. Sababu zinaeleweka. Nairobi ina ndege nyingi kubwa, zikiwamo za mizigo mitupu. Mafuta ya ndege hufika huko kwa bomba kutoka Mombasa, wakati KIA hutegemea malori. Penye ndege nyingi nauli ya mzigo hushuka, na inaposhuka mzigo huongezeka.

Uzito wa jambo hili ulionekana Januari 2024, Tanzania ilipotangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways kwa sababu Kenya ilikataa kuiruhusu Air Tanzania kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi nyingine. Mgogoro ulimalizwa kwa mazungumzo haraka, lakini ulionyesha kwamba ugomvi mkubwa wa anga sasa unahusu mizigo pia. Air Tanzania ilikuwa imepokea ndege yake ya mizigo, Boeing 767, Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54.

Tani 54 ni nyingi. Ndege ya namna hiyo haiwezi kusubiri mkulima mmoja wa Mtae mwenye maboksi kumi. Kutoka Mombo hadi KIA ni zaidi ya kilomita 200, na njegere zilizochumwa saa nne asubuhi zikakaa juani hazitafika zikiwa na hadhi. Bila chumba cha baridi cha kukusanyia mazao kule juu, na gari lenye ubaridi kuanzia hapo, ushindani wa ndege utawanufaisha wenye mashamba makubwa ya Arusha peke yao.

Nini kifanyike

Kwa wakulima, hatua ya kwanza ni kuungana. Kikundi kinaweza kupanga zamu za kupanda, kutunza daftari la dawa zilizopulizwa, na kuomba cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mzigo wenye mabaki ya dawa hurudishwa au huteketezwa Ulaya, na hasara ni ya mkulima. Chama cha wadau wa kilimo cha mbogamboga, maua na matunda, TAHA, chenye makao Arusha tangu 2004, kinajua njia hizo na hakuna sababu ya kuzitafuta gizani.

Kwa wachuuzi, ni vizuri kuanza na hoteli kabla ya kuota Ulaya. Hoteli hufundisha kupanga madaraja, kufungasha na kutunza muda. Anayeshindwa kufikisha letusi Dar es Salaam alfajiri ya Jumatano hataweza kuwahi ndege ya usiku KIA.

Kwa halmashauri za Lushoto na Bumbuli, ushuru wa mazao unaokusanywa kwenye masoko kama Lukozi ungerudi kwa faida kama sehemu yake ingejenga chumba cha baridi na kutunza barabara za kutoka mashambani. Maporomoko ya masika kati ya Mombo na Soni yakifunga njia kwa siku moja, oda ya wiki nzima imepotea.

Mashirika ya ndege yatakuja na kuondoka, kama Fastjet ilivyokuja na kuondoka. Abiria wataendelea kula. Atakayevuna ni yule ambaye, ndege yoyote itakapotua, mboga zake tayari ziko mlangoni mwa jikoni.