Kundi, Mkondo na Tawi: Istilahi za Kupanga Sauti katika Programu za Kurekodi Muziki

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Shinyanga hufika Usagara, mahali ambapo barabara ya Geita huchepuka kuelekea Kigongo na Busisi. Njia panda hiyo hubainisha jambo moja: kuwa katika msafara mmoja si sawa na kupita njia moja. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa istilahi zinazojadiliwa hapa.

Ichukuliwe kwamba inarekodiwa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ichezwayo kwa majembe. Ngoma tatu, mwimbaji kiongozi na waitikiaji wanne wamewekewa maikrofoni, kila mmoja yake. Programu itaonyesha traki nane. Fundi akitaka kupandisha sauti za waitikiaji kwa pamoja, ana mbinu mbili. Ya kwanza ni kufungamanisha vidhibiti vyao: kimoja kikisogezwa, vingine hufuata, lakini kila sauti huendelea na njia yake. Ya pili ni kuzielekeza traki hizo nne mahali pamoja, zijumlishwe humo, ndipo jumla hiyo ipewe kidhibiti chake. Hapo mawimbi yenyewe yamekutana. Kifaa cha kubana sauti kikiwekwa kwenye jumla hiyo, mwitikiaji mmoja akipaza, wote hushushwa. Kikiwekwa kwenye kila traki, hushushwa aliyepaza peke yake.

Kwa hiyo, fundi anayeyaita matendo yote mawili “grupu” amefunika dhana mbili kwa neno moja. Programu zenyewe huzitenganisha: Logic Pro, tangu mwaka 2013, ina rundo la traki linalozikusanya tu, na rundo jingine linalozijumlisha.

Mahali pa kujumlishia huitwa kwa Kiingereza bus, ufupisho wa neno la Kilatini omnibus, yaani “kwa ajili ya wote”. Kiswahili kilikwisha kulitohoa neno hilo kwa maana ya gari la abiria, likakutana na basi la “inatosha”, lenye asili ya Kiajemi. Kulibebesha maana ya tatu hakufai. Inapendekezwa kundi litumike kwa vidhibiti vilivyofungamanishwa, na mkondo kwa sauti zilizojumlishwa.

Iko dhana ya tatu: kutuma nakala ya sauti kwenye mwangwi huku sauti ya awali ikiendelea. Hapa mfano wa Usagara unakoma, kwani gari lililoshika barabara ya Geita haliwezi kuwa pia kwenye barabara ya Shinyanga. Mchepuko lingekuwa neno jepesi, lakini mitaani limekwisha kupata maana ya mpenzi wa pembeni. Tawi linafaa zaidi.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifu istilahi kama hizi. Kabla ya kusanifishwa, hazina budi kujaribiwa studioni. Kijana wa Mwanza aliyefunzwa kwa neno lisilotofautisha dhana atasikia kwamba kazi yake ina kasoro, ila hatajua aitafute wapi.